Sifa za Mgeni wa Bega

Kuna mgeni anayekuja Ayany, hapa Kibera, mikono mitupu, akaketi begani mwa mwenyeji wake na kumzuia kulalia ubavu mmoja, na mpaka leo hakuna aliyemtungia hata ubeti. Ni yale maumivu ya mkono yanayofuata chanjo. Hutajwa kwa manung'uniko tu: kondakta wa matatu namba 8 aliyedungwa jana huning'inia mlangoni kwa mkono asiouzoea, na mama wa kufua hukamua shuka huku amekunja uso. Naomba kumtetea. Hoja yangu ni moja: kati ya wote wanaoudai mwili katika mtaa huu, yeye ndiye mwaminifu zaidi, kwa kuwa hutaja bei mapema, huchukua kidogo, kisha huondoka bila kufukuzwa.

Tuanze na kazi yake. Chanjo inapoingia kwenye msuli wa bega, askari wa mwili walio zamu hukuta kitu kigeni na kupiga mbiu. Mishipa midogo ya damu hutanuka, majimaji na chembe nyingine za kinga humiminika pale, nazo neva za maumivu huwa nyepesi kuguswa. Ndipo bega linapojaa na kuuma. Kelele tunayoilaumu ni ya baraza lililoitishwa kumjadili adui kabla hajabisha hodi, na kwa kawaida baraza hilo huvunjika baada ya siku moja hadi tatu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mara nyingi huaga kabla jembe halijatafutwa.

Mlinganishe na mgeni mwingine anayeijua Kibera vizuri, homa ya matumbo. Watafiti waliofuatilia familia za vijiji vyake vya Gatwekera na Soweto West kuanzia 2007 hadi 2009 walikuta wagonjwa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Kule Lwak, mashambani magharibi mwa Kenya, walikuwa 29. Geti la chuma la Ayany halimzuii, maana huingia ndani ya mtungi wa maji au sahani ya chakula. Akishaingia hukaa kwa wiki, akala nauli, dawa na siku za kibarua, na akichachamaa hutoboa utumbo. Julai 2025 serikali ilipoanza kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya homa hiyo, na walio chini ya miaka mitano dhidi ya surua na rubela pia, wazazi walipewa biashara ya ajabu: siku mbili za bega badala ya wiki kadhaa za kitanda. Hata katika soko la Toi, ambako kila bei hushuka ukivumilia, hupati punguzo la namna hiyo.

Atatokea mwenye kuuliza: kama maumivu ni dalili ya kazi, je, asiyeumwa amechanjwa maji? La. Hapa lazima nipunguze sifa. Mgeni wetu hatoi cheti. Wengi hawaumwi hata kidogo na kinga yao huja vilevile. Naye hana ruhusa ya kukaa apendavyo. Uvimbe ukizidi siku hadi siku, au bega likigoma kwa wiki nzima, si yeye tena, arudi mtu kliniki. Pumzi ikibana baada ya sindano, asingoje hata dakika. Ndiyo maana wauguzi humwomba mtu aketi kwa muda kabla ya kwenda zake.

Mwingine atasema kinachomsumbua si bega bali hofu, na kwamba hofu haina cha kusifiwa. Nakubali, tena nina ushahidi dhidi yake. Katika majaribio ya chanjo za Korona, kama watu 35 katika kila 100 waliodungwa sindano isiyo na chanjo waliripoti uchovu, kichwa kuuma na mengineyo baada ya dozi ya kwanza. Hofu hutoza kodi ya nyumba ambayo haijajengwa. Lakini dawa zake ni za bei ya bure: kuketi wima, kulegeza mkono, kutazama kando, kuzungumza habari nyingine. Mtoto mchanga anyonye huku amepakatwa. Mwenye tabia ya kuzimia akaze misuli ya miguu na tumbo kisha ailegeze, arudie, ili damu isikimbie kutoka kichwani.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mama wa kufua. Mshahara wake uko kwenye mkono, na siku mbili za bega ni siku mbili za unga. Kumwambia avumilie kwa kuwa chembe zake ziko barazani ni dharau. Jibu lake ni la vitendo: adungwe mkono asioutegemea, na kama anaweza, jioni au mkesha wa siku ya mapumziko. Asimeze dawa ya maumivu kabla ya sindano ati ajihami. Shirika la Afya Duniani halishauri hivyo, na utafiti wa mwaka 2009 uliona watoto wachanga waliopewa parasetamoli ya kujikinga na homa wakitengeneza kingamwili chache zaidi. Baadaye, akizidiwa, anaweza kuimeza. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi husaidia, na zaidi ya hapo mkono wenyewe ushughulishwe taratibu, maana bega linalolazwa tu hukakamaa. Kwa hiyo wahenga tuwafuate, ila tuisogeze tarehe yao. Mgeni huyu tusimngoje mpaka siku ya tatu; jembe apewe siku ileile aliyofika, lakini liwe jepesi.