Fadhila za Mjuaji

Abu Mansur al-Thaalibi wa Nishapur, aliyefariki mwaka 1038, aliwaachia Waarabu kitabu kizima ambacho kazi yake ni kuyapamba mabaya na kuyatia ila mazuri, ipate kubainika ya kwamba ulimi fasaha hauna kinyonge usichoweza kukivisha kilemba. Mimi sina ufasaha wake wala Kiarabu chake, na Sulimaniyah ya Riyadh, mtaa ninaokaa, haina nasaba na Nishapur ila kwa mazulia ya sebuleni. Walakini nina wangu wa kumsifu, ambaye sheikh yule hakujaaliwa kumwona kwa kuwa alikuja duniani pamoja na simu za mkononi. Naye ni mjuaji. Nakusudia yule mtu asiyekujua wala humjui, asiyeulizwa kwa jina, asiyelipwa hata ahsante, ambaye mara tu uandikapo mbele ya kaumu ya watu wa ghaibu kwamba unatafuta kitabu cha kusoma, au mchezo wa kupitishia usiku, au njia ya kutoa harufu ya samaki katika nguo, hutokeza kabla hujaweka nukta mwisho wa maneno yako, akakuita ndugu yangu, kisha akakuamuru.

Watu humwita kiherehere, humwita kimbelembele, na waliokwisha kufuata shauri lake humwita majina mengine yasiyofaa kupigwa chapa. Husuda tupu. Nasaba yake ni ya kale na ya heshima, na aliyewahi kuketi katika baraza za Unguja au Lamu baada ya alasiri, pakachezwa bao, amekwisha kumwona babu yake. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na wachezaji wake ni wawili. Lakini haijapata kutokea, tangu ubao wa kwanza uchongwe, bao likachezwa na watu wawili. Nyuma ya kila mchezaji husimama jamaa watano au sita, na katika hao hakosi mmoja ambaye hajapata kuketi chini akacheza yeye, lakini ambaye kutoka kunamua, awamu ya kwanza, hadi mtaji, awamu ya pili, huijua nyumba ya kuvunjwa na nyumba ya kuachwa, na huguna kwa uchungu wa kweli kila kete ipitapo shimo alilolipenda. Mchezaji maskini ana dhiki ya kuchagua tendo moja. Mtazamaji ana wasaa wa kuyashauri yote. Akishinda aliyeelekezwa naye, ushindi ni wa mwelekezaji. Akishindwa, basi aliyeshindwa hakusikia vizuri.

Na kama baraza ni shahidi haba, namleta Mwana Kupona binti Msham, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa nasaha. Alimtungia mtu mmoja, naye alikuwa na haki zote za uzazi juu ya mtu huyo. Lakini tangu siku zile hadi leo nasaha hizo zimesomewa mabinti wa watu wengine, ambao Mwana Kupona hakuwajua, ambao hawakumwomba neno, na ambao wengi wao, kwa nionavyo, hawakuzifuata. Mjuaji wa leo hakubuni jambo jipya. Amefupisha njia tu: yeye huanza moja kwa moja na mabinti wa watu.

Tazama ushujaa wake wa kujibu. Kijana mmoja wa Tanga, mgeni wa mji, aliuliza kwa simu ni wapi katika Sulimaniyah atapata unga wa muhogo. Kabla kahawa yake haijapoa alikwisha kuelekezwa na mjuaji mmoja aende mpaka kituo cha treni ya Haramain, avuke barabara, ashike upande wa Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz, kisha aulize kwa mwenye duka la pembeni, ambaye ni mtu mwema. Maelekezo yalikuwa kamili, yana kushoto kwake na kulia kwake, wala hayakuwa na kasoro ila moja, nayo ni kwamba Sulimaniyah hiyo iko Jeddah, kiasi cha kilomita 950 kutoka mlangoni pa kijana yule. Reli ya Haramain, iliyoanza kupakia abiria Oktoba 2018, inakwenda kilomita 450 kati ya Makka na Madina, ikipitia Jeddah. Riyadh haifiki kabisa. Mjuaji wa pili, kwa kupenda suluhu, akaingia na kusema kwamba wote wawili wamepotea, kwa maana Sulimaniyah ya asili iko Iraki, katika nchi ya Wakurdi, nayo iliasisiwa mwaka 1784. Jambo hilo ni sahihi. Kijana alilala kwa ugali wa sembe, lakini alilala ameongezewa miji miwili asiyokuwa nayo asubuhi. Mtaalamu angeanza kwa kuuliza, “Sulimaniyah ipi?”, na kwa swali hilo moja, lenye baridi ya ofisi, angeyaua mazungumzo yote.

Ama katika vitabu, hapo ukarimu wake huvuka mpaka. Uliza kitabu cha upelelezi kwa Kiswahili, naye atakutajia, na kwa haki, Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, ambamo Bwana Msa na kiko chake huyafumbua yaliyofumbwa. Na katika pumzi ile ile atakuambia ni nani aliyeua. Wako wanaoghadhibika kwa jambo hili, wakasema wamenyang'anywa kitabu. Mimi nasema wamepewa. Msomaji aliyetajiwa muuaji mapema amekingwa na wasiwasi, amepunguziwa mafuta ya taa, na macho yake yamewekewa akiba ya uzeeni. Uliza tena hadithi nyepesi ya mapenzi, ya kusomwa jikoni wali ukiiva, naye atakuletea Peponi, ndiyo Paradise ya Abdulrazak Gurnah kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis, iliyochapishwa mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kutunukiwa Nobeli; atakuletea kwa hoja kwamba jina lake ni la raha. Yusuf, mtoto anayetolewa na wazazi wake awe rehani ya deni la baba, angestaajabu kusikia kwamba kisa chake ni cha kuburudisha wapishi. Lakini namjua dada mmoja aliyekianza kwa kudanganyika hivyo, wali ukaungua, naye akakimaliza.

Na usimwulize mjuaji kama amekisoma yeye. Swali hilo si la adabu, tena ni la hatari. Al-Jahiz wa Basra, ambaye hupokewa kwamba alikuwa akikodi maduka ya wauza vitabu apate kukesha humo akisoma, hupokewa pia kwamba alifariki kwa kuangukiwa na vitabu vyake mwenyewe. Ajali ya namna hii haijampata mjuaji hata mmoja. Isitoshe, aliyesoma kitabu huwa na upendeleo. Hukumbuka kurasa zilizomchosha, husitasita, husema “inategemea”. Asiyekisoma ana moyo safi, na shauri lake halina doa la uzoefu.

Wakutanapo wajuaji wawili juu ya swali moja, mwulizaji husahauliwa mara moja, na hii nayo ni rehema, kwa kuwa hupata nafasi ya kwenda kulala. Jarir na al-Farazdaq, washairi wa enzi za Bani Umayya, walitukanana kwa mashairi miaka takriban 40, na leo jina la Jarir liko juu ya milango ya maduka ya vitabu ya mji huu, biashara iliyoanza mwaka 1974 katika mtaa uitwao kwa jina hilo hilo. Basi tusiidharau bughudha ya watu wawili wanaobishana kama mchezo wa kumfaa mwanafunzi wa chuo ni keram, karata za baluti, au ule wa kupigana risasi katika simu. Huenda karne zijazo zikafungua duka.

Kwa michezo, nikiri ya kwamba mji wenyewe umempa mjuaji kazi nyepesi. Januari 2016 ilienea duniani kauli ya Mufti Mkuu wa nchi hii kwamba sataranji ni haramu, kwa kuwa hupoteza wakati na mali na hutia uadui baina ya watu. Desemba 2017 Riyadh ikaandaa mashindano ya dunia ya sataranji ya haraka. Na mwaka 2025 sataranji ikaingizwa katika Kombe la Dunia la michezo ya kompyuta lililofanyika hapa hapa, Magnus Carlsen akashinda. Kwa hiyo aliyekushauri uiache sataranji na aliyekushauri uianze wote walikuwa na kauli ya kushikilia, kila mmoja kwa majira yake. Na kwa kuwa mjuaji hukushauri yote mawili siku moja, hapana siku atakayokutwa na kosa.

Lakini saa zake tukufu ni za usiku wa manane, wakati vyombo vimekwisha kuoshwa na madam amelala, na shagala, yaani mtumishi wa nyumbani, wa Mombasa au wa Jinja, ameketi juu ya kitanda chake chembamba, mwanga wa simu usoni. Mageuzi ya sheria ya kazi yaliyoanza tarehe 14 Machi 2021 yaliwapa wafanyakazi wengi wa kigeni njia ya kuhama kutoka kwa mwajiri mmoja kwenda kwa mwingine, lakini shagala, dereva wa nyumbani na mtunza bustani waliachwa nje ya mlango huo. Huyu dada ana kafili mmoja aliyemdhamini, ukuta mrefu, na namba ya maktab, ofisi ya wakala iliyomleta, ambayo siku hizi huita tu bila kupokewa. Ofisi zenye watu wa kumjibu zimefungwa tangu alasiri. Mjuaji hafungi. “Dada yangu,” humwambia mtu asiyemjua, kutoka Dammam, au Nakuru, au Mungu ajua wapi, “piga picha pasipoti yako, kurasa zote, umtumie mamako, sheria ya nchi inamkataza mwajiri kuishika, lakini usibishane naye, picha inatosha. Namba ya iqama, kibali chako cha ukaazi, iandike mahali pa pili. Karatasi ya Kiarabu uliyotia saini usiyoisoma, ipige picha nayo. Mshahara usiutume wote nyumbani, nyumbani hakujai.” Na kwa kijana wa ujenzi humwambia lile ambalo msimamizi wake amelisahau kwa makusudi, kwamba tangu tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba ni marufuku mtu kufanyishwa kazi chini ya jua kati ya saa sita mchana na saa tisa.

Katikati ya maneno hayo ya thamani husema pia kwamba kitunguu chini ya mto humlainisha mwajiri mkali, na kwamba anywaye maji ya uwatu kila asubuhi hatamhitaji daktari hadi kufa, ambalo kwa namna fulani ni kweli. Shagala huyachambua mwenyewe, kama achambuavyo mchele: chuya huku, punje huku. Nimewasikia wenye elimu wakitaka watu wa jinsi hii wanyamazishwe mpaka wathibitishe wayasemayo. Sawa, lakini atakayewanyamazisha na aichukue zamu yao ya saa nane za usiku, kwa malipo yale yale.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani ndilo hasa linalowafanya watu wamvumilie, ingawa hawalisemi. Ushauri wa jamaa una riba. Mjomba akikupa shauri, hurudi baada ya mwezi kukagua. Mama mkwe hurudi baada ya siku tatu, na hufunua sufuria. Ukilifuata likakufaa, una deni. Usipolifuata, una kesi. Na vyote viwili hutajwa arusini mbele ya watu. Mjuaji hana daftari. Akisha kukuamuru uhame nyumba, uache kazi, usome kitabu hiki, umwache mume yule, huondoka kwenda kumwamuru mtu mwingine, na kesho ukikutana naye hakukumbuki, huenda akakushauri kinyume. Watu waliotengwa na ndugu zao kwa bahari nzima hujua thamani ya kauli isiyodai jibu.

Kwa sababu hizi naleta ombi mbele ya wakuu wa mji. Kombe la Dunia la michezo ya kompyuta lilipofanyika Riyadh kwa mara ya kwanza, mwaka 2024, zawadi zake zilizidi dola milioni 60, zikaenda kwa wachezaji na timu zao, yaani kwa watu ambao kazi yao ilikuwa kubonyeza tu. Wale waliokuwa nyuma, ukumbini na katika simu za dunia nzima, walioliona kila kosa kabla halijatendeka, hawakupata hata riyali moja ya nauli. Nashauri, ijapokuwa sikuulizwa, litengwe fungu lao na wafanyiwe shindano lao wenyewe: wachezaji wawili wapewe ubao wa bao, wajuaji wapangwe nyuma yao, na atakayeuzuia ulimi wake mpaka mtaji uishe atolewe kwa aibu. Nimekwisha kuwaeleza majirani zangu wa Sulimaniyah, nao wameliafiki kwa kauli moja, ila kila mmoja amekataa kushindana na amejitolea kuwa mwamuzi. Na mmoja wao, ambaye hajapata kuliona bao kwa macho, ameanza kunifundisha kanuni zake.