Heko, Tope la Rwenzori

Wapo wanaosifu theluji ya Margherita, kilele cha mita 5,109 kilicho mpakani mwa Uganda na Kongo. Wasifu tu. Theluji hiyo inayeyuka mwaka hadi mwaka, ilhali tope la bwawa la Bigo, njiani kwenda huko, lipo palepale. Sasa hapo nani wa kutegemewa?

Siku ya kutoka kambi ya John Matte kwenda ya Bujuku ndiyo siku ya tope kupokea wageni. Mzigo mgongoni, mvua kichwani, na mbele yako mafundo ya nyasi yamejitokeza majini kama vichwa vya watu waliozama wima. Unaruka fundo hadi fundo. Moja linainama, mguu unadidimia hadi gotini, na ukiuvuta, tope linatoa sauti ambayo mezani ungeiombea radhi. Mguu hurudi, kiatu hujiamulia chenyewe.

Msilifananishe na lile la mitaroni. Hili lina ukoo. Huko juu baridi na maji haviachi majani yakaoza sawasawa, basi ya mwaka huu hulalia ya mwaka jana, karne juu ya karne. Tena ni karimu: huilimbikiza mvua na kuiachia mto Bujuku kidogokidogo, nao humwagia Mubuku, kisha Ziwa George, mpaka Nile. Mmisri anakunywa chai na wala hatushukuru sisi tulioacha soksi zetu kwenye chanzo.

Upendeleo halina. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, mtoto wa ukoo wa kifalme wa Italia, alikuja na msururu wa wapagazi, akavipanda vilele na kuvipachika majina ya malkia na wafalme. Vilele vikakubali. Tope likamchafua kama linavyomchafua yeyote.

Na udaktari linao. Anayepanda milima mirefu huambiwa aende polepole mwili uzoee hewa nyepesi, naye hasikii. Akifika Bigo, atasikia.

Siku hizi sehemu ya bwawa imetandikwa njia ya mbao. Kwa ajili ya kulinda mimea, sawa. Kwa ajili ya kutuhurumia, hapana. Wapagazi wa Kikonzo walishamaliza ubishi na tope zamani: wanavaa gambuti na kupita. Nanyi fanyeni vivyo hivyo, na zile buti za ngozi za bei mbaya pelekeni Kilimanjaro, kwenye vumbi.