Barua ya Wazi kwa Wanaosikiliza Simu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Idara ya Kitaifa ya Ujasusi (NIS),
Nairobi.

Mheshimiwa,

KUH: OMBI LA KUDUKIZWA

Sisi wa Lorugum, Turkana, tunaona wivu. Wenzetu wa Nairobi wanalalamika kwamba mnasikiliza simu zao. Sisi tunalalamika kwamba zetu hamzisikilizi. Machi 2017 shirika la Privacy International liliandika kwamba maafisa wenu hujichotea mawasiliano moja kwa moja kwenye mitandao ya simu, bila kubisha hodi. Wanaojua sheria wakitaja kifungu cha 31 cha Katiba, na ile sheria yenu ya 2012 inayodai kibali cha jaji wa Mahakama Kuu, sisi huwa na swali jingine: mtu hudukizwa vipi mahali pasipo na netwaki?

Maana ukiliacha soko la Lorugum ukashika njia ya milima ya Loima, netwaki inakuaga mapema. Mchungaji mwenye simu yake ya mulika mwizi hupanda kilima, akasimama juu ya jiwe analolijua, akainua mkono, akageukia Lodwar, akageuka tena, hadi kijistari kimoja kitokeze. Hapo ndipo anaposema kwamba nyayo za wageni zimeonekana kisimani. Akishuka, basi. Mkimpigia kumuuliza wageni ni wangapi, mtaambiwa mteja hapatikani, utadhani amekataa.

Kwa hiyo tunaomba kituo. Ili mtudukize itabidi mjenge mnara, na mnara ukisimama tutapiga simu.

Wamarekani walichagua nyanda za juu za Asmara, wakasikiliza dunia kutoka kituo chao cha Kagnew tangu 1943 hadi 1977. Loima nayo iko juu, na Uganda iko papo hapo. Hao hao Wamarekani, The Intercept ilifichua mwaka 2014, walikuwa wakikusanya kumbukumbu za simu za Kenya: nani kampigia nani, lini, kwa muda gani. Kumbe hata tenda ya kutusikiliza hamkuipata peke yenu.

Wala msidhani ujasusi ni mgeni huku. Tuna emuron, mtabiri wetu. Mbuzi huchinjwa, utumbo ukatandazwa, wazee wakainama na kuusoma kama ramani: huu mto, hili boma, doa hili jekundu ni damu, adui anatokea upande huu. Mwenye mbuzi yupo, majirani wapo, anayetaka kubisha anabisha. Hakuna faili ya siri. Na mtambo ukishatumika, unaliwa. Sisemi hupatia kila mara. Ila wakikosea wanakosea hadharani, na adui akija anawakuta wao wenyewe bomani.

Mitambo ya mbali nayo tumeionja, tena kwa ulimi. Mwaka 2013 tulitangaziwa kwamba rada za angani zimegundua katika uwanda wa Lotikipi mabilioni ya mita za ujazo za maji. Yalipokuja kupimwa, chumvi.

Masikio yenu ni mazima, hilo hatubishi. Desemba 2024 kijana aliyekuwa akichora vivuli vya Rais na kuvitia mtandaoni alitoweka, akaonekana tena Januari. Aliyemchukua, yeyote yule (sisemi ni nyinyi), alijua pa kumpata. Lakini askari takriban 20 walipoviziwa na kuuawa Kapedo mwaka 2014, na wavuvi waliposhambuliwa Todonyang Februari 2025, serikali ilishangaa pamoja nasi. Tunashukuru kwa ushirikiano huo. Tungependa siku moja itutangulie kushangaa, japo kwa saa mbili.

Ombi dogo kuhusu wafanyakazi. Mtakayemkalisha kwenye spika za masikioni awe anajua Kiturkana. La sivyo atajaza daftari mazungumzo marefu kuhusu ngamia mmoja aliyepotea, alama zake, mamake na bibi yake, kisha ayapeleke Nairobi kama njama ya kupindua serikali.

Ardhi ya mnara ni ya jamii, kwa hiyo mtapitia kwa wazee kwanza. Mje na mbuzi dume asiye na kilema. Utumbo wake utasomwa mbele yenu, ijulikane kilichowaleta. Nyama mtapewa.

Ni sisi,
Wateja wasiopatikana,
Lorugum.