Kiko Kiko Wapi?

Kila tunapokwenda kuwasalimia wakwe Usa River, baba mkwe huwa na maswali mawili. La kwanza ni la mvua, nalo ni langu. La pili hulirusha jikoni aliko mama: "Kiko changu kiko wapi?" Na mama, bila kuinua macho kwenye sufuria, hujibu: "Kiko."

Nilipokuwa mchumba nilidhani wazee wametegeana kitendawili. Baadaye nikaelezwa: kiko kilipotea siku nyingi, kabla sijajua hata njia ya kwao, na sasa swali limekuwa salamu, jibu limekuwa kiitikio. Mama anatania tu, tukaambiana, kwa kuwa lugha imempa jibu la bure. Tulikuwa tukicheka, tunaletewa chai.

Kiko chenyewe mzee alikinunua Arusha mwaka 1963, kwa mshahara wake wa kwanza wa ukarani. Usifikirie kile cha watu wa pwani, chenye bori juu, digali linalozama kwenye kifuu cha maji, na mlio wa kumjulisha jirani kwamba bwana yuko nyumbani. Hiki ni cha kushika mkononi, umbo la Kizungu, lakini kwa mengine yote ni mwenyeji. Jiwe lake lilichimbwa upande wa Amboseli na Sinya, kule Longido mpakani na Kenya. Linaitwa meerschaum, yaani povu la bahari kwa Kijerumani, jina ambalo mtu wa Sinya angelicheka, kwani povu analolijua yeye ni la maziwa. Waturuki wana lao la Eskişehir, jepesi mpaka huelea majini; letu ni zito zaidi na halina majivuno. Pale Arusha palikuwa na Tanganyika Meerschaum Corporation, iliyolichonga jiwe hilo kuwa viko, vingine ikavivika ngozi, ikavigonga muhuri wa tembo na kuviuza ng'ambo kwa jina la Kiko. Yaani mtu katengeneza sufuria akaipa jina Sufuria. Mnunuzi wa London bila shaka alilitamka kwa heshima zote, akidhani ni mungu wa kabila fulani.

Mimi sivuti. Lakini usiku mmoja wa Januari, nikitafuta kwenye simu kioo cha taa ya gari, nilikutana na kiko kama hicho. Mnada wa mtandaoni, muuzaji yuko Uingereza, picha sita. Tembo yupo, na chini yake maneno kwamba kimetengenezwa Tanganyika, nchi iliyoungana na Zanzibar Aprili 1964. Bei ya kuanzia, pauni 9.99.

Niseme ukweli: mahari yangu ilibaki na deni dogo la mbuzi wawili, ambalo hakuna anayelitaja na hakuna aliyelisahau. Kila Krismasi mzee akitazama zizi lake hunitazama na mimi. Nikaona hapa Mungu kanifungulia mlango wa uani.

Simu yangu, kwa uzalendo ambao sikuuomba, ikanitafsiria tangazo lote kwa Kiswahili: "Bomba la mali isiyohamishika. Limetumika. Alama za meno kidogo." Nilikaa nalo muda kabla ya kuelewa. Waingereza wana neno moja kwa shamba, majumba na mirathi, na wapenzi wa viko hulitumia kwa kiko chochote cha mtumba, kwa kuwa vingi huuzwa mwenyewe akishafariki. Nikamsomea mke wangu tangazo hilo bila kufikiri.

"Kama haihamishiki, inakujaje huku?" akauliza. Kisha akarudi nyuma kidogo. "Meno ya nani?"

Sikuwa na jibu.

"Baba watoto, tumevaa mitumba tangu shule. Mashuka, sawa. Viatu, sawa. Hata zile soksi za soko la Kilombero nilinyamaza. Lakini kitu kilichokaa mdomoni mwa marehemu wa watu? Kesho utaniletea mswaki?"

Nikamwambia ni cha baba yake. Akanyamaza, lakini kile kimya cha mtu anayeweka akiba.

Kadi yangu ya benki ilikataliwa, basi nikampigia mpwa wangu aliye Leicester, mtoto wa dada. Akasema usiwe na wasi, mjomba, nitakipigania. Nikampa kikomo cha pauni 30. Siku mbili baadaye binti yangu akanifungulia kadi ya mtandaoni kwenye pesa za simu, ikakubaliwa mara moja, na kwa furaha hiyo nikajisajili mwenyewe na kusahau mengine yote.

Tangazo lilisema mnada utafungwa saa 20:47. Nikapiga hesabu ya Kiswahili: saa mbili na dakika arobaini na saba usiku. Siku hiyo sikula. Saa mbili na nusu nimeshakaa sebuleni, simu iko kwenye chaji, watoto wamenyamazishwa kama kumeingia taarifa ya msiba. Saa mbili arobaini na saba ikafika, ikapita. Kumbe zile ni saa za London, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Kiko kingeuzwa saa tano arobaini na saba, watu wote wamelala na chakula changu nacho kimelala.

Minada naijua. Nimesimama Meserani juani, na mnunuzi wa kweli namtambua kwa jinsi anavyojifanya hamtazami ng'ombe. Mtandaoni hakuna jicho la kusoma. Jina la mshindani limefunikwa nyota, herufi moja huku na moja kule, kama sura ya mshtakiwa gazetini. Hakuna mnadi wa kusema mara ya kwanza, mara ya pili. Unaandika kiwango chako cha juu, mashine inakificha na kukupigania kidogo kidogo, nawe umebaki kutoa macho.

Mtu wa kwanza aliishia pauni 14 akaenda zake. Tukabaki wawili. Nikaandika 20, simu ikaniambia nimezidiwa. Nikaandika 28, nimezidiwa. Nikaandika 35, kimya. Nikaanza kupumua. Zimebaki dakika nne, nimezidiwa tena. Sasa haikuwa habari ya kiko tena, wala ya mbuzi. Nilisimama katikati ya sebule nikamwita yule mtu Mzungu asiye na haya, mla urithi wa watu, nikamwambia kwa sauti kwamba Tanganyika si ya babu yake. Mke akatokea mlangoni na khanga begani akauliza nani kaja. Nikaandika 50. Nimezidiwa. Zimebaki sekunde nane, nikafumba macho, nikaandika 75, kiasi ambacho kilikuwa na kazi nyingine kabisa mwezi ule. Mashine ikapanda, ikasimama kwenye 57. Mnada ukafungwa. Nimeshinda.

Dakika haijaisha, ujumbe ukaingia kutoka Leicester.

"Shikamoo mjomba. Samahani sana, tumekosa. Kuna mwendawazimu mmoja kang'ang'ania mpaka pauni 57. Nilivuka kikomo chako nikaongeza na hela yangu mpaka 56 kwa heshima yako, lakini yule si mtu wa kawaida. Kuna watu pesa zinawawasha."

Niliusoma mara tatu. Kisha nikajibu, "Marahaba, mpwa wangu," nikazima simu. Karibu laki mbili bila nauli, kwa kitu ambacho kingetoka kwa pauni 15 kama tungekuwa familia isiyopendana. Mpaka leo mpwa wangu akipiga simu humlaani yule mtu, nami naitikia amina.

Kifurushi kilichukua wiki tano. Kila jioni mke aliniuliza kiko wapi, nami nikajikuta najibu kama mama yake: kiko. Mwishowe nikaitwa ofisi ya vifurushi. Alikuwepo dada mmoja mpole, akakata gundi, akakitoa, akakinusa. Akakirudisha mezani taratibu.

"Hiki ni cha kuvutia nini, mzee?"

"Tumbaku."

"Unavuta?"

"Sivuti."

Hilo lilikuwa kosa. Aliita mwenzake. Nikaeleza kwamba ni cha mkwe. Wakauliza, mkwe anavuta? Nikasema aliacha, daktari alimkataza. Wakaja wawili zaidi. Nadhani kuna namna ya kulieleza jambo hili likaeleweka, ila mimi sikuijua. Kila ukweli niliouongeza ulinisogeza karibu na kituo cha polisi. Kilichoniokoa ni alama za meno. Mzee mmoja mlinzi alizitazama akasema hizi ni za mtu mzima mwenye pensheni, na wote wakatulia.

Ikabaki ushuru. Nikasema, dada yangu, hiki hakiingii nchini, kinarudi. Soma hapo: Tanganyika. Kimetengenezwa hapa hapa Arusha, nimetoka kwangu kwa bodaboda kuja kukifuata.

"Una karatasi kilizotokea nazo?"

"Kilitoka kabla sijazaliwa."

"Basi utalipia kuingia."

Nikalipa. Risiti iliandikwa: BOMBA, 1.

Sasa kukisafisha. Wajuzi wanasema kiko cha mti unaweza kukijaza chumvi na spiriti ukakilaza usiku kucha, lakini cha meerschaum usithubutu, jiwe lile hunywa kila linachomiminiwa. Hilo nililitii, nikafuta bori kwa kitambaa kikavu. Ule mdomo wa kuvutia ndio ulionishinda. Ni mweusi, wa mpira mgumu uliopikwa na salfa, na ukizeeka huwa na rangi ya kijani ya bwawa. Nikausugua kwa msasa na maji ya moto, jikoni, usiku, milango imefungwa. Mpira ukaanza kung'aa, na salfa yote ya tangu enzi za ukoloni ikatoka na kukaa kwenye mapazia. Asubuhi mke aliamka akanusa, akaenda moja kwa moja kwenye trei ya mayai, akaitupa nzima. Nilimtazama akiitupa. Kuna wakati mwanamume hukaa kimya kwa ajili ya amani.

Jumapili tukaenda Usa River. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, mvua je huko kwenu? Nikajibu la mvua. Kisha, kabla hajalirusha la pili, nikatoa boksi.

Mzee alikitoa kiko polepole. Akampapasa tembo kwa kidole gumba. Akakiweka mdomoni, kikakaa, akakitoa.

"Si changu hiki."

"Najua baba. Ni ndugu yake."

"Changu kina meno yangu." Lakini hakukiachia. Akakigeuza, akakinusa, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake nikaona ananitazama bila kutazama zizi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Hatukumsikia akija. Alikitazama kile kiko, akaufuta mwiko kwenye khanga, akarudi ndani. Tukasikia sanduku la bati likifunguliwa, kisha nguo zikitolewa, nyingi, maana kilichotafutwa kilikuwa chini kabisa. Akatoka na fundo la khanga kuukuu. Alilifungua kwa meno.

Kiko. Tembo yule yule, rangi imekolea kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, na pale mdomoni vijishimo viwili.

"Mwaka 1989 daktari alisema kikae mbali na wewe," mama akasema. "Kimekaa."

Mzee alijaribu kusimama, akarudi kitini. "Mama nanii! Miaka yote hii nakuuliza!"

"Na miaka yote hii nakujibu."

Ndani ya nyumba mke wangu alikuwa ameanza kucheka, kile kicheko alichokuwa amekiweka akiba tangu Januari. Mzee akakaa na viko viwili mapajani, kimoja kila goti, akivitazama kwa zamu, kwa muda ambao chai ilipoa. Halafu akanigeukia mimi, na sura ya ukarani ikamrudia.

"Hiki cha Uingereza," akasema, "tutakihesabu mbuzi mmoja."