Tangi la Shemeji

Shemeji yangu alipopata nafasi ya kwenda kusoma Uholanzi, aligawa mali zake kwa utaratibu. Pikipiki akampa mdogo wake, friji akampa mama, televisheni akaiuza. Mimi niliyemwoa dada yake nikaachiwa tangi la samaki wa maji chumvi, lita 300, pamoja na daftari la maelekezo, kana kwamba kuna mahari niliyobakiza. "Shem, ni kulisha tu na kuangalia," akasema, akapanda teksi.

Ieleweke kwamba sisi tunakaa Msasani. Bahari ya Hindi nzima, ya bure, iko hatua chache kutoka mlangoni. Mama mkwe akija kututembelea hulitazama lile tangi, akanitazama mimi, halafu huuliza kwa upole wa watu wa Unguja: "Baba, kwani ile ya pale nje ina kasoro gani?" Sina jibu. Ninanunua chumvi ya mfuko iliyotoka ng'ambo, naichanganya na maji yaliyochujwa mpaka ifike gramu 35 kwa lita, natengeneza bahari kwa mwiko, na huku ile ya Mungu inapiga mawe nyuma ya soko la samaki. Joto la maji lisivuke nyuzi 26. Mwezi wa pili, Dar nzima ikichemka, matumbawe yana mashine yao ya kupoza maji. Watoto wangu wana feni moja, nayo inalia.

Na hayo matumbawe yana kununa! Kalsiamu ikipungua, yananuna. Taa ikizidi, yananuna. Umeme ukikatika usiku na pampu zikasimama, asubuhi utakuta moja limejikunja, limebadilika rangi, ndiyo limeshakufa hilo, na bei yake ingenunua mbuzi wa Iddi. Unampigia shemeji simu ya video, anashika kichwa kana kwamba umemwambia nyumba imeungua.

Yote hayo ningeyavumilia. Asiyevumilika ni aiptasia.

Aiptasia ni anemoni mdogo wa bahari. Ukimwona mara ya kwanza utamwonea huruma: kijibomba cha rangi ya hudhurungi, kinaonyesha mpaka ndani kama glasi iliyomiminiwa chai nyepesi, na juu yake minyiri mirefu myembamba ikipepea. Mgeni akija hunyoosha kidole kwake kabla ya kitu kingine chochote. "Hili ua zuri, linaitwaje?" Ua! Huyo hakununuliwa na mtu. Alikuja amejificha kwenye tundu la jiwe, na kila tulichokinunua kikiugua, yeye ananenepa. Minyiri ile imejaa vijisindano vya sumu, na tumbawe lolote lililo jirani yake linachomwa mpaka linarudi nyuma na kumwachia kiwanja.

Chakula je? Mwilini mwake wamo mwani wadogo wasioonekana kwa macho, wanaotengeneza sukari kwa mwanga wa taa na kumgawia. Maana yake ni kwamba zile taa ninazolipia umeme kwa ajili ya matumbawe zinamlisha na yeye. Ukizima taa ili afe njaa, anakula mabaki ya chakula cha samaki. Ukipunguza chakula, samaki wa shemeji wanakonda na simu ya video inalia.

Mpwa wangu, yuko kidato cha tatu na anajua kila kitu, alichoka kunisikia nikilalamika. Siku moja nimetoka, akachukua kisu cha kupakia siagi akawakwangua wote kwenye jiwe kubwa la mbele. Niliporudi jiwe lilikuwa safi na kijana anangoja soda yake. Nikampa. Baada ya wiki mbili hivi jiwe zima likaota vijinyiri, na mengine yaliyokuwa salama yakaota pia, kwa sababu pampu ilikuwa imesambaza vipande kila kona.

Sababu iko kwenye unyayo wake. Aiptasia anapotambaa juu ya jiwe huacha nyuma vipande vidogo vya nyama ya mguu, na kila kipande kinaota mdomo na minyiri kikawa anemoni kamili. Hiyo ni njia yake ya kawaida ya kuzaana, hata bila kuguswa na mtu. Anayo na ile nyingine ya mayai na mbegu, akijisikia. Kwa hiyo ukimkata unamsaidia uzazi, na kijana wa kidato cha tatu mwenye kisu ni mkunga.

Basi nikafungua lile daftari. Shemeji ameandika dawa nyingi: maji ya ndimu kwa bomba la sindano, siki, maji yaliyochemka. Zote zinafanya kazi kwa sharti kwamba sindano imwingie mwilini sawasawa, naye anakaa shimoni na ana hisia kuliko mdaiwa. Kivuli cha mkono kikipita tu, huyoo, amezama, umebaki unalipiga sindano jiwe.

Chokaa ndiyo ina nafuu. Nasema ile safi, unga wa hidroksidi ya kalsiamu, si ya kupaka ukuta. Mama mkwe aliposikia nikiitaja alifungua kijaluba chake cha tambuu akanisogezea ya kwake, akasema hiyo ni safi haina mfano. Nilimshukuru kwa heshima zote nikamrudishia. Unaikoroga na maji kidogo mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa, unaivuta kwenye bomba, unazima pampu zote ili maji yatulie. Halafu unaingiza mkono taratibu mno, bila kivuli, bila pumzi, na unaidondosha katikati ya minyiri, pale penye mdomo. Usimguse. Ukipatia, anadhani ni chakula. Minyiri inajikunja kuelekea ndani, anameza kwa adabu, kisha anakakamaa, anageuka mweupe, anaanza kumomonyoka. Nakiri kwamba nimewahi kumcheka kwa sauti, saa nane za usiku, peke yangu sebuleni. Mke wangu alitokea mlangoni: "Baba Zuhura, unaongea na nani?"

Ila huwezi kuwamaliza wote usiku mmoja. Chokaa ikizidi, maji yanakuwa makali kwa kila kiumbe, na matumbawe nayo, unayajua, yananuna. Unaua wachache, unasubiri kesho, na wale waliobaki wanatumia muda huo kutembea na kuacha nyayo.

Kilichonimaliza nguvu ni kusikia kwamba wako watu wanaolipwa mshahara kuwafuga. Maabara kadhaa duniani zinamtunza aiptasia kwa makusudi, na mwaka 2015 kikundi cha watafiti walioongozwa na wa chuo kikuu kimoja cha Saudi Arabia, ufukweni mwa Bahari ya Shamu, kilichapisha jenomu yake nzima. Wanampenda kwa sababu anaishi na mwani kama yalivyo matumbawe, na joto likizidi anawatema kama matumbawe yanavyofanya, lakini yeye hafi ovyo. Ile ya mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto na matumbawe mengi ya pwani yetu yakapauka na kufa, ni jambo wanalotaka kulielewa kupitia kwake. Ni kazi ya maana sana, siibezi. Ninachosema ni kwamba kama kuna maabara imepungukiwa, mlango wangu uko wazi, na ndoo natoa mimi.

Daftari lina ukurasa wa maadui zake. Yupo kitatange mwenye pua ndefu na mistari ya rangi ya shaba, ambaye huwala, au huamua kutowala, na mara nyingi hukataa chakula kingine chochote mpaka akafa. Yuko kamba mdogo mwenye mistari myekundu wanayemwita kamba wa peremende, naye ni bahati nasibu: mmoja anafagia tangi, mwenzake anangoja chakula cha samaki kama mjumbe wa kamati.

Kisha yuko koa wa baharini anayeitwa Berghia, mweupe, mfupi kuliko kidole, mwenye vishada mgongoni. Huyu hali kitu kingine duniani isipokuwa aiptasia. Hutoka usiku, hula, na vile vijisindano vya sumu huvihamishia kwenye vishada vyake akavitumia kama silaha yake mwenyewe. Hutaga mayai kwa mzunguko kama tambi iliyozungushwa, watoto nao hurithi kazi. Aiptasia wakiisha, koa hufa njaa. Nimejenga nyumba mjini hapa, nimeshughulika na mafundi wa bomba, wa umeme na wa vigae, na sijawahi kukutana na fundi anayemaliza kazi, sembuse anayeimaliza hali akijua hakuna nyingine. Kwa bahati mbaya, kila duka la samaki nililoulizia linaniambia nirudi wiki ijayo.

Kwa hiyo wewe unayetaka tangi la maji chumvi sebuleni, jiwe lolote unalonunua liweke kwanza kwenye ndoo yake, na pampu yake na mwanga wake, wiki kadhaa, na ulimulike kwa tochi kila jioni. Ukiona kijibomba kimoja, kiue siku hiyo hiyo, usingoje wawe wawili. Na muuzaji akikuletea kamba mwekundu mwenye nundu mgongoni na macho makubwa akaapa kuwa ndiye wa peremende, mrudishie: huyo ni kamba ngamia, anakula matumbawe.