Picha Mbichi Hazinyweki

Saa mbili usiku, siku ya koito ya binamu yangu, simu ilianza kutetemeka mezani kama kifaranga aliyenyeshewa. Wa kwanza alikuwa shangazi wa Litein: "Umetutumia nini?" Wa pili alikuwa binamu mwenyewe. Hakuandika neno, aliweka alama za kuuliza tu, saba. Kisha ikaingia sauti ya Kogo, nyanya yetu, ambaye hushikiwa simu na mjukuu: "Mwambieni huyo mtoto nimepata barua zake sita. Nani atanisomea?"

Hazikuwa barua, zilikuwa picha. Lakini kwenye kikundi cha familia kila moja ilionekana kama kijikaratasi cheupe chenye kona iliyokunjwa, na chini yake maandishi CR2. Bando langu la wiki nzima lilikuwa limeishia hapo.

Koito, kwa msomaji asiyetoka upande huu wa Kericho na Bomet, ni siku ambapo wazee wa familia mbili za Kipsigis hukaa kuafikiana kuhusu ng'ombe, na sisi wengine tukakaa nje kuafikiana na nyama. Siku hizi lazima pawe na hema, sare za kitambaa kimoja, na mpiga picha. Mpiga picha nilikuwa mimi, kwa sababu mbili: nina kamera, na silipwi. Kamera yenyewe ni ya mitumba, niliinunua bonasi ya majani chai ilipotoka. Kwa wiki kadhaa nikawa natazama video za mafundi wa ng'ambo, na wote walikuwa na neno moja: anayejua kazi hapigi JPEG, hupiga mbichi. La kufanya baadaye labda walilitaja pia, ila mimi nilikuwa nimesharuka mbele kutafuta video nyingine.

Baba alikuwa anakunywa chai. Amechuma majani kwenye mteremko huu wa Kabianga tangu kabla sijazaliwa, na hana subira na mtu asiyejua kazi yake.

"Picha mbichi ndiyo nini?"

Nikamweleza nilivyoelewa. Kihisi cha kamera hakioni rangi, huona mwanga tu. Kwa hiyo juu ya kila pikseli kumewekwa kichujio kidogo cha rangi moja, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, ambaye hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Nusu ya vichujio ni vya kijani, robo vyekundu, robo vya buluu. (Nusu nzima kijani! Husemwa ni kwa sababu jicho la binadamu huipokea kijani vizuri kuliko rangi nyingine, lakini ukisimama hapa kwetu ukatazama pande zote nne, utashuku mzee Bayer aliwahi kupita.) Rangi mbili zilizobaki kwa kila pikseli hukisiwa kwa kuchungulia majirani. Ukipiga JPEG, kamera hukisia yenyewe, hupaka, hunoa, hutupa ziada, inakukabidhi picha iliyokwisha. Ukipiga mbichi, inakupa gunia na kukutakia jioni njema.

"Kwa hiyo," Baba akasema, "watu wamekuja kwa chai, wewe ukawapa majani wanywe."

Sikuwa na jibu. Akauliza kilo ngapi hutoka kwa kilo ngapi. Nikamwambia faili mbichi moja ni karibu megabaiti 28, na JPEG yake karibu 7.

"Nne kwa moja." Akaweka kikombe chini. "Hata kiwandani ni nne na kitu kwa moja." Hiyo ndiyo mara ya kwanza nimemwona akiitazama laptopu yangu kwa heshima.

Niliona heri nisimwambie mambo mengine. Kwamba kwa uzito huo kadi yangu ya gigabaiti 16 ilijaa kwenye picha ya mia tano na kitu, hasa pale wazee walipokuwa wakitoka ndani kwa furaha, kwa sababu asubuhi nilikuwa nimempiga ndama mmoja picha sitini. Kwamba wazee waliganda mlangoni wakitabasamu huku nikifuta ndama mmoja mmoja. Na kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo nilifanya mazoezi sebuleni, nikaiacha kamera kwenye alama ya balbu. Alama hiyo huiambia kamera kwamba mwanga wa hapo ni wa njano, nayo huongeza buluu ili kusawazisha. Mchana wa Kabianga, chini ya mawingu ya mvua ya saa nane, haukuwa na njano ya kusawazishwa. Ukoo mzima ulitoka wa buluu, kama watu waliookolewa ziwani.

Hapa ndipo mbichi inapoulipa uzito wake. Katika JPEG kila rangi hubanwa kwenye ngazi 256 na buluu hiyo ingekuwa imepikwa ndani. Faili za kamera yangu zina ngazi 16,384, na alama ya balbu humo ni pendekezo tu, waweza kulikataa. Nikafungua darktable, programu ya bure iliyoanza mwaka 2009 na yenye vitufe vingi kuliko subira yangu. Ina kitone cha kuchovya: unakibonyeza mahali palipo peupe au kijivu pasipo rangi, nayo inajua weupe ni upi na kurekebisha vingine vyote.

Nikatafuta kitu cheupe. Nikaona mursik kwenye kikombe cha mjomba. Maziwa ni meupe, nikabonyeza.

Mtu wa Kericho angepaswa kujua. Kibuyu cha mursik husuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, na maziwa hayo hubeba ubuluu wa majivu ambao ndio sifa yake. Programu ikaamini kwamba ubuluu ule ni makosa, ikauondoa duniani. Wageni wote wakawa wa njano, macho na meno pia. Ungedhani koito ilifanyika wodini.

Nikajaribu dawa nyingine. Nilipandisha vivuli, nyuso zikajaa chembechembe kama unga wa mahindi. Nilipozidisha unoaji, Kogo akaongezeka miaka arobaini. Nilipogusa kijani, shamba la jirani likawaka kiasi kwamba Baba aliuliza wanaweka mbolea gani. Angalau kila kosa lilifutika. Nikamweleza Baba: jani likilala guniani usiku mmoja linakuwa jekundu na karani hulikataa kituoni, lakini faili mbichi haichachi, hata uifanye nini inabaki kama ilivyotoka kamerani.

"Kwa hiyo unaweza kuiharibu kila siku?"

"Kila siku, Baba."

Karibu usiku wa manane nilipata weupe wa kweli. Kwenye picha moja mzee wa upande wetu ametoka mlangoni ameshika karatasi. Nikaikuza ili nichovye sawasawa. Rangi zikatulia zote kwa mpigo, ngozi ikawa ngozi, hema likawa hema. Na katikati ya karatasi, kwa mwandiko safi wa kalamu, nikasoma idadi ya ng'ombe. Hesabu hiyo walikuwa wakiijua wazee na Mungu. Sasa tukawa wazee, Mungu, na mimi.

Nikanakili marekebisho kwa picha zote, stima ikapotea, ikarudi saa kumi na moja alfajiri. Asubuhi nilikopi faili kwenye flashi nikampa mtu wa bodaboda aipeleke saiba, zichapishwe picha thelathini za wakwe. Zilifika mchana, za buluu. Zote thelathini. Kijana wa saiba alidhani ndiyo mtindo.

Kumbe kazi yangu ya usiku haikuwa ndani ya faili za CR2. Programu huiandika pembeni, katika faili ndogo yenye jina linaloishia na xmp, ni kama barua ya maelekezo kwa mpishi, na mimi nilituma viazi nikabaki na barua. Ilinipasa kwanza kutoa JPEG. Nikazitoa, nikalipia mara ya pili, na nikazituma pia kwenye kikundi, nyepesi kabisa, shangazi akaweka mioyo.

Jioni Kogo alipiga mwenyewe. Alisema ameziona, zimependeza, na kwamba anataka moja tu ya kutundika ukutani.

"Ile ya mzee na karatasi. Unichapishie kubwa. Kubwa kama dirisha."

Dakika mbili baadaye akapiga binamu, kwa sauti ya chini kama mtu aliyejificha ghalani. Alitaka nifute picha hiyo, sasa hivi.

"Nimeifuta," nikamwambia. "Ila mbichi yake ipo."