Cheo Kimoja, Wenyewe Wawili

Mwaka 1866, Earl (kabaila mwenye cheo cha kurithi) wa Mar, huko Uskoti, alifariki bila mtoto. Mpwa wake, mtoto wa dada, akajitwalia cheo. Ndugu wa upande wa kuumeni, Earl wa Kellie, akakitaka naye, kimoja hakimshibishi. Mwaka 1875 mabwana wakubwa wa Bunge la London wakampa haki Kellie: eti cheo hicho cha kale kilianzia kwa Malkia Mary wa Uskoti mwaka 1565, na hakirithiwi kupitia wanawake. Malkia, jamani! Mpwa hakunyamaza. Mwaka 1885 ikatungwa sheria nzima: vyeo ni viwili, kila mtu na chake. Vyote vipo hadi leo. Ardhi ya Mar, bila shaka, haikuongezeka hata shibiri.